Mkono Usio na Mwenyewe

Harub bin Marhoon hakuwa mtu mbaya, na hilo tuliseme mapema, maana huko mbele msomaji ataona mambo na atataka kumtupia mawe. Mwaka wa sabini, mambo hayo yalipotokea, alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na mbili, mwenye mke mmoja, Nasriya, binti mmoja, Shaikha, na kazi moja aliyoijua tangu ndevu hazijamwota: kugonga simu. Miaka kumi na saba alikaa ofisi ya simu Unguja, akizungumza kwa nukta na vistari na watu wa Mombasa na Aden ambao sura zao hakupata kuziona. Ikaja Januari ya sitini na nne, watu wakatawanyika, naye ilipofika Aprili akajikuta Maskati na mke, mtoto, sanduku moja la nguo na vidole vyake kumi.

Vidole ndivyo vilivyomlisha. Jeshi la Sultani pale Bait al-Falaj, ile ngome nyeupe ya bonde la Ruwi, lilikuwa likitafuta watu wa simu za upepo wanaojua Kiingereza, na hao waliokuja kutoka Unguja walikijua. Harub akapewa magwanda, mwaka wa pili akapewa mistari mitatu ya usajenti, akapanga nyumba Matrah nyuma ya soko, akatulia. Jioni lango la mji likifungwa yeye yumo ndani, anakunywa kahawa yake, hana la kumsumbua.

Mwaka wa sitini na sita akaja Kanali Garside.

Huyu alikuwa Luteni Kanali wa simu katika jeshi la Waingereza, ameazimwa kwa Sultani. Mtu mrefu, mwekundu, mwenye masikio makubwa kuliko heshima yake. Alianza jeshi akiwa na miaka kumi na tano, akipeleka barua kwa pikipiki, akajifunza kugonga, vita vikampeleka Misri, Libya na Italia, vilipokwisha akakaa Nairobi miaka sita, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake cha kambini, kile ambacho mzee yeyote wa Unguja akikisikia hutamani kuziba masikio. Baadaye Kuprosi, kisha Aden. Miaka thelathini ya kuburura nyaya! Wenyewe Waingereza walikuwa wakinong'ona kwamba ubrigedia ulimpita mlangoni ukaingia kwa jirani, ndipo akaletwa Maskati, kwani Maskati ya siku zile ilikuwa mahali pa kumweka mtu ambaye hutaki kumpandisha na huwezi kumfukuza.

Lakini kazi aliijua. Kabla yake, Nizwa na Bait al-Falaj wakisikilizana ni kwa rehema ya Mungu. Yeye akasimamisha milingoti juu ya majabali, akatupa betri zilizooza, akaweka vituo Izki, Saiq kule Jabali la Kijani, mpaka Salala alikokaa Sultani mwenyewe. Aliwafundisha Mabalushi na Waarabu na watu wa Unguja katika chumba kimoja. Na mwezi wake wa kwanza tu alipiga marufuku mchezo waliouzoea vijana wa Unguja, wa kupigiana soga hewani kwa Kiswahili wakidhani hapana atakayefahamu.

"Kiswahili hapana siri," aliwaambia. "Mimi nasikia. Mtu ya jabali pia nasikia." Mtu wa jabali kwake ni waasi waliokuwa wakipigana na Sultani huko milimani.

Vijana walimwita Bwana Sikio, na walikuwa na sababu. Kila mgongaji ana mkono wake, yaani namna yake ya kugonga, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Mmoja huharakisha, mwingine hukokota, mwingine husita kabla ya kila neno refu. Kila Alhamisi asubuhi Kanali aliingia chumba cha simu na kikombe chake cha chai, akaamuru spika iwashwe, akakaa kiti cha nyuma na kufumba macho. Vituo vinaingia kimoja kimoja, hakuna sauti ya mtu, ni ti-ti-taa tu, naye anataja majina. "Hii iko Ishaq. Nakimbia kama mbuzi." "Hii iko Sleyum ya Salala, jana hakulala." Hakosei. Chumba kizima kinacheka.

Harub mchezo ule ulimpendeza kupita kiasi. Unguja, mkono ndio uliokuwa fahari yao. Yeye alikuwa akimsikia mgongaji wa Mombasa, akajua kwamba bwana yule ameamka kwa ugomvi na mkewe. Basi mwaka wa sitini na saba alipokwenda Nizwa kwa wiki moja, Alhamisi aligonga taarifa ya kituo kwa uangalifu wa bibi harusi anayetia wanja, akijua Kanali anasikiliza. Aliporudi jambo la kwanza alilomuuliza Ishaq, mwenzake wa zamu, lilikuwa hilo.

"Kanali kasemaje juu yangu?"

"Alinyamaza kwanza," Ishaq akasema. "Halafu akasema, 'Hii mkono haina mwenyewe. Basi iko Harub.'"

Ishaq alicheka. Harub naye alicheka, meno yote nje, na moyoni akahisi amepigwa kofi mbele ya watu. Mkono usio na mwenyewe! Miaka kumi na saba, halafu mtu anakwambia huna chako. Hakumuuliza Kanali alikusudia nini. Mtu wa Unguja haulizi tusi lina maana gani, hulimeza, likakaa.

Hata hivyo aliishi nalo, kwa kuwa Kanali hakuwa akimsifu mtu mwingine pia. Njaa ya wote haiumi sana. Kilichomtoa roho ni alipokuja Thani.

Thani alikuja mwaka wa sitini na nane, kijana wa miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Wete, Pemba. Kugonga alijifunza melini, akizunguka na meli za mizigo baina ya Bombay na Basra, na mabaharia wa simu wana mkono wa madaha. Kistari cha mwanzo alikivuta kama mtu anayejinyoosha akiamka, nukta ya mwisho akaidonoa kama kuku. Alhamisi yake ya kwanza aliwekwa kituo cha Izki. Kanali alikuwa amefumba macho kama kawaida. Thani alipoingia hewani, Kanali alifumbua.

"Nani?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza.

"Kijana mpya, Bwana Kanali," alisema Harub. "Thani."

"Sema yeye rudia."

Thani akarudia taarifa yake ya betri na mafuta ya taa, taarifa isiyo na utamu wowote, na Kanali akasimama kama mtu aliyeitwa. "Hii iko muziki," akasema kwa sauti ndogo, akatoka nje. Kikombe chake cha chai kilibaki juu ya meza, kimejaa nusu, kinatoa moshi.

Harub alikitazama kile kikombe mpaka kikapoa. Miaka miwili Kanali hajapata kuacha chai kwa ajili ya mkono wa Harub.

Kuanzia siku hiyo Harub alikuwa na mgonjwa ndani ya kifua chake, akimlisha mwenyewe. Thani akichelewa, Harub anafurahi. Thani akisamehewa, Harub hali chakula. Na ubaya ni kuwa kijana mwenyewe hakuwa na la kuchukiwa. Hakuwa na mzazi Maskati, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala alikuja kwa Harub kula wali, mkononi na kibakuli cha halua kutoka sokoni. Alimwita Harub ami. Alimsifu Nasriya kwa mchuzi wa papa mpaka Nasriya akazidisha nazi, na nazi Maskati haikuwa kitu cha kuchezewa.

"Kijana ana adabu yule," Nasriya alisema. "Shaikha angekuwa mkubwa kidogo ningejisemea neno."

"Ana adabu ya tumbo," alijibu Harub.

"Lo! Baba Shaikha, chakula changu hicho, sio chako. Mbona unamhesabia tonge?"

Wivu ukishaonekana na mke, umekwisha kuonekana na nyumba nzima.

Januari ya mwaka wa sabini Kanali akawakusanya wote uani, akawaambia kwamba mwezi wa Mei muda wake unakwisha na anarudi kwao. Kabla ya kuondoka atataja jina la mtu mmoja, mmoja tu, atakayepelekwa chuo cha simu cha jeshi Uingereza kwa miezi tisa. Akirudi atavaa nyota begani na kuwafundisha wenziwe. Jina litapelekwa Salala mwisho wa Machi kwa ajili ya idhini.

Nyota begani! Kwa Harub lile halikuwa jambo la begani. Unguja alikuwa Bwana Harub wa Simu, watu walimpisha njiani. Maskati alikuwa Zinjibari mmoja miongoni mwa Mazinjibari, Kiarabu chake kinachekwa sokoni. Ile nyota ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kurudishiwa jina lake, na umri ulikuwa haumngojei. Uani pale watu walinong'ona majina mawili, lake na la Thani, na kila aliyetaja lake alilitaja baada ya la Thani.

Basi akafanya jambo ambalo mwanzoni halikuwa hata dhambi. Alisema: ikiwa Kanali anataka madaha, atapata madaha. Akaanza kujifunza mkono wa Thani. Alijifunza kwa kijiko pembeni mwa sinia, kwa kucha juu ya kikombe, kwa kidole juu ya goti akiwa kwenye gari la kwenda Bawshar kutazama nguzo. Kuvuta kistari cha mwanzo, kudonoa nukta ya mwisho. Usidhani ni kazi ndogo: ni kama mtu mzima kujifundisha kucheka kicheko cha mwenziwe. Mwezi mzima vidole vilimgomea. Mwezi wa pili vikakubali.

Nasriya aliishi na mgongaji miaka kumi na minane na masikio yake hayakuwa ya mapambo. Siku moja akiwa anachambua mchele alimwambia, "Siku hizi vidole vyako vinagonga kama vya mtu mwingine."

"Vya nani?"

"Mie nitajuaje? Si vyako tu. Sivipendi."

Angemsikiliza! Lakini mwanamume mwenye donge rohoni hasikilizi hata adhana vizuri.

Mwezi wa Machi Harub alitumwa Nizwa na gari la betri. Thani alikuwa amewekwa kituo hicho kwa miezi miwili. Ilikuwa Jumanne, adhuhuri, jua limekaa juu ya ngome kama kifuniko. Thani akavua hedifoni, akachukua kofia yake.

"Ami Harub, nishikie chuma nikasali. Sitakawia."

"Nenda, mwanangu. Mungu akukubalie."

Hivyo ndivyo alivyosema, mwanangu, na aliposikia viatu vya kijana vikishuka ngazi, mkono wake ulikuwa tayari juu ya chuma cha kugongea. Mimi siwezi kukwambia alipanga lini. Nadhani hata yeye hakujua. Labda alikuwa akipanga tangu kile kikombe cha chai.

Akaiita Salala, akamgongea Sleyum soga kwa Kiswahili wazi, kile kilichokatazwa, kwa mkono wa Thani mtupu. Vistari vimevutwa, nukta zimedonolewa. Kwamba Nizwa kuna joto la kuchoma mkate. Kwamba Kanali mkali lakini anampenda yeye kuliko wote. Na ili kosa lisije likachekwa likaachwa, akatia na la kutosha kumvunja mtu: kwamba kesho asubuhi magari matatu yatateremka Izki. Katikati ya neno Izki kidole kilimteleza, akarekebisha, akaendelea. Sleyum wa Salala akamjibu kwa maneno mawili ya hofu, "Nyamaza, Thani." Harub akavua hedifoni. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka mkanda.

Thani alirudi kutoka msikitini, uso umetakata, akamshukuru.

Bait al-Falaj, Ishaq alikuwa zamu na Kanali alikuwa amesimama nyuma yake. Wote wawili walisikia kila kitu. Safari ya magari ikavunjwa, na Jumatano jioni Harub na Thani walikuwa wamekwisha rudishwa na gari lile lile, Thani hajui kosa lake, Harub hathubutu kumtazama.

Kanali aliwasimamisha wote wawili mbele ya meza. Harub alisimama kama sajenti anayeshuhudia.

"Thani," alisema Kanali. "Jana, saa ya sala. Kiswahili hewani. Magari tatu. Ishaq nasema hii mkono yako."

Rangi ilimtoka Thani. "Si mimi, Bwana Kanali. Nilikuwa msikitini."

"Nani alikaa na chuma?"

Hapo Harub akaona dunia imesimama. Alijua neno linalofuata. Alikuwa ameshalitayarishia jibu, kwamba kijana anasingizia, kwamba yeye alikuwa chini na betri. Thani hakumgeukia. Aliinamisha macho.

"Hilo sitalisema, Bwana Kanali. Chuma kilikuwa changu, nami ndiye niliyekiacha. Kosa ni langu."

Kanali akamtazama yeye, akamtazama Harub, akaandika kitu. Thani akaondolewa kwenye chuma mpaka itakapoamuliwa, akapewa kazi ya kuzungusha nyaya ghalani.

Wewe ungesema Harub alipumua. Hakupumua. Alitoka pale roho inamuuma zaidi kuliko alivyoingia, na kilichomuuma ni aibu kukitaja: hata wema kijana kamzidi. Mkono mzuri, sura nzuri, mapenzi ya Kanali, halafu na huu uungwana juu yake, wa kumsitiri mzee wa kwao! Alimwonea wivu hata kwa kule kudhulumiwa. Ukifika hapo, ndugu yangu, dawa ni kumwomba Mungu tu.

Ijumaa Thani alikuja kula kama kawaida, na halua yake.

"Mbona umekonda?" Nasriya akamuuliza.

"Joto, bi mkubwa."

Walipomaliza, walikaa barazani wakinawa mikono. Thani alisugua vidole vyake kwa ndimu, polepole, kimoja kimoja. "Ami," alisema bila kuinua uso, "mie nna siku mbili sijagonga. Vidole vinaniwasha. Lakini sina neno na mtu. Nna mzee mmoja tu hapa Maskati."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ilimtosha Harub kusema neno moja.

"Subira," alisema. "Mungu yupo."

Thani akaitikia kwamba ndiyo, yupo, akaaga.

Jumamosi asubuhi Kanali alimwita Harub peke yake na kufunga mlango. Alizungumza Kiingereza, na Kanali akizungumza Kiingereza ujue hapana mchezo. Kile Kiswahili chake cha mbuzi na muziki kilikuwa cha siku za raha.

"Kaa, Sajenti. Soma hii."

Ilikuwa barua iliyopigwa chapa, tarehe ya Jumatatu, siku moja kabla ya Nizwa. Jina lililokuwemo lilikuwa Sajenti Harub bin Marhoon. Chini yake yalikuwa maneno machache: katika miaka thelathini na minne ya kazi yangu sijapata kusikia mkono safi kama wake. Hauna mwenyewe. Adui anaweza kuusikiliza mwaka mzima asijue ni nani anayegonga wala kikosi gani kimehamia wapi. Huyu ndiye nitakaye awafundishe wengine.

Harub aliisoma mara mbili. Herufi zilikuwa zikimcheza.

"Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Hollis," alisema Kanali. "Tulikuwa pamoja Libya na Italia. Alikuwa na mkono kama wa Thani, kama pacha wake. Tulikuwa tukimpenda kwa mkono ule. Wajerumani nao walikuwa wakiupenda. Tukihama leo, kesho wanajua tuko wapi, kwa kuwa popote tulipo Hollis yupo anagonga. Walitufuata mara tatu. Mara ya tatu Hollis hakutoka kwenye gari. Siku ile nilipoacha chai yangu, Sajenti, nilikuwa nimemsikia maiti. Ulidhani nasifu?"

Harub aliiweka barua mezani.

"Ulidhani nasifu," alisema Kanali tena, safari hii bila ya kuuliza. "Kosa langu. Wewe sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua ulichonacho."

"Bwana Kanali alijuaje?" aliuliza Harub.

"Ulijikwaa kwenye Izki. Thani akikosea hugonga nukta nane, kama kitabu kinavyosema. Wewe uligonga nukta mbili, nukta mbili, ukarudia neno zima la nyuma. Hiyo ni desturi ya ofisi yenu ya Unguja, sijaisikia kwa mtu mwingine hapa. Miaka minne umekosea mara mbili tu, na mara zote mbili ulifanya hivyo."

Ni kweli. Mtu ataiga sauti ya mwenziwe atakavyo, lakini akijikwaa kidole atamlilia mama yake kwa sauti aliyozaliwa nayo.

"Nilikupa siku tatu uje," aliendelea Kanali. "Kila mlango uliogongwa nilidhani ni wewe." Akalivuta lile sikio lake kubwa. "Mwaka wa sitini na tatu mwenzangu alipandishwa ubrigedia mahali pangu. Nilimwonea wivu mwaka mzima, nikamsemea maneno kwa wakubwa. Maneno yakajulikana. Ndiyo maana nimekaa nawe hapa kwenye joto hili. Kwa hiyo sikuhukumu sana. Mistari yako itabaki. Thani hataki ijulikane, nami naondoka."

Akaichukua ile barua, akaigeuza, nyuma yake akaandika kwa penseli mistari minne, akamsukumia Harub.

"Thani ana kosa la mkono. Hilo linafundishika, watamfundisha huko kuuficha. Salala wanangoja jina. Kaipeleke wewe mwenyewe, sasa hivi, nami nitasikiliza. Gonga kama Harub."

Wakaenda chumba cha simu. Kanali akamwambia Ishaq awashe spika, akakaa kiti chake cha nyuma, akafumba macho. Harub akavaa hedifoni, akaweka karatasi mbele yake. Jina la Thani bin Mahfoudh lilikuwa mstari wa pili. Akaiita Salala, akaanza.

Aligonga polepole, moyo wake wote ukiwa kwenye vidole. Alitaka kwa mara moja ya mwisho Kanali ausikie ule mkono wake, safi, usio na mwenyewe. Alimaliza bila kosa hata moja. Akasubiri.

Salala ikajibu. Sleyum alithibitisha kupokea kama sheria inavyotaka, kisha akashindwa kujizuia. "Hongera, Thani."

Ishaq aliinua kichwa. Kanali hakufumbua macho.

Harub akashika chuma tena. "Si Thani," aligonga. "Ni Harub." Na safari hii alijisikia mwenyewe: kistari cha mwanzo kinajivuta, nukta ya mwisho inadonolewa. Akaikaza mikono, akarudia. "Ni Harub. Ni Harub." Kikavutwa, ikadonolewa. Miezi miwili ya kijiko na sinia, na vidole vilikuwa vimekwisha hama.

Halafu Sleyum akajibu kutoka Salala, kwa mkono wake uleule wa mtu aliyelala vibaya.

"Wacha mzaha, Thani. Ingekuwa Harub nisingemjua."

Kanali akasimama, akamwambia Ishaq azime spika. Kisha akamwambia Harub, kwa kile Kiswahili chake kibovu, aende nyumbani akale.